Usiku Wetu Hauna Picha

Chini ya kitanda changu lipo sanduku la bati nililolinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Ndani yake zimo picha zote za maisha yangu ya kazi. Siku moja, baada ya kustaafu, nilizimwaga zote mkekani ili nizipange kwa miaka, nami nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Picha zote zile zilikuwa za mchana. Walimu tumepanga mistari miwili, wafupi wamekaa, warefu wamesimama. Wanafunzi wa darasa la saba wamekunja mikono. Mpiga picha alikuwa akija kwa baiskeli kutoka mjini, akitupanga tulikabili jua mpaka machozi yanatutoka, na kabla ya jioni alikuwa amekwisha kurudi alikotoka.

Sisi wa Tarime tunakaa karibu na Ikweta. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, iwe masika au kiangazi, na usiku wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Huku Nyarero, kwa vile ni nyanda za juu na baridi ipo, jua likizama watu husogea motoni. Hapo ndipo ugomvi hupatanishwa, posa hujadiliwa, watoto huhadithiwa. Nusu ya maisha yetu, basi, hupita katika mwanga wa kuni na wa taa, na katika sanduku langu nusu hiyo haikuwemo hata kidogo.

Nilihuzunika hasa kwa jambo moja. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba, miaka michache baadaye, kazi hiyo ilikuwa imepamba moto, nami nilikabidhiwa darasa la kisomo. Wanafunzi wangu walikuja jioni wakiwa wametoka shambani, tukatundika karabai kwenye boriti, nao wakaanza kuchora herufi kwa vidole vilivyozoea jembe. Miongoni mwao alikuwa shangazi yangu, mdogo wa baba. Usiku alioandika jina lake kwa mara ya kwanza aliinua ubao juu, akaugeuza huku na huku ili karabai iumulike, kisha akacheka mpaka darasa zima likacheka naye. Usiku ule hauna picha. Umo kichwani mwangu tu, na kichwa cha mzee wa miaka zaidi ya sabini ni sanduku lisilo na kufuli.

Basi nikajisemea kwamba yaliyopita yamepita, lakini shangazi bado yupo, na bado anakaa motoni kila usiku akiwahadithia wajukuu na vitukuu. Nitampiga picha akihadithia. Nilidhani ni jambo jepesi.

Mwaka 2018 nilinunua kamera ndogo ya dijitali. Muuzaji aliniambia ina megapikseli nyingi na uwezo wa kuvuta vitu vya mbali, nami nikaamini kwamba penye wingi ndipo penye ubora. Nikaenda nayo kwa shangazi. Hadithi ilikuwa imefika mahali ambapo fisi ameingia katika shimo, watoto wamekaza macho, nami nikabonyeza. Flashi ikalipuka. Mtoto mmoja akalia. Shangazi, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaufunika uso kwa mikono miwili. Alipoishusha akaniambia kwa Kikuria, kwa upole ulioniumiza kuliko karipio, "Mwanangu, umeuzima moto wangu."

Nilipotazama ile picha nikaona kwamba alisema kweli. Uso wake ulikuwa mweupe kama uliopakwa majivu, ukuta wa nyuma umejaa kivuli cheusi, na pale palipokuwa na moto palibaki doa la rangi ya chungwa lisilo na nguvu. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa. Hadithi haikuendelea usiku ule.

Wako watu waliotutangulia katika kosa hili. Jacob Riis, mwandishi wa habari wa New York, alianza kwenye mwaka 1887 kutumia unga wa magnesi uliowaka ghafla ili kupiga picha katika vyumba vya giza vya maskini. Picha zake zilisaidia sana kuwafanya wakubwa waone hali ya makazi yale, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1890 kilitikisa watu. Lakini wengi katika picha hizo wana macho ya watu walioamshwa kwa kishindo, na safari moja unga wake ulishika moto ndani ya nyumba ya vipofu, ikabidi auzime mwenyewe. Karibu miaka arobaini baadaye akaja Mjerumani mmoja, Dk. Erich Salomon, aliyesomea sheria. Mwaka 1928 alipiga picha mahakamani Berlin bila ya flashi na bila ya kujulikana, kwa kamera ndogo iitwayo Ermanox. Kamera ile ilikuwa na lenzi pana ajabu kwa umbo lake, yenye tundu la f/2, iliyokunywa mwanga kidogo uliokuwapo na kutosheka nao. Salomon aliuawa na Wanazi huko Auschwitz mwaka 1944, lakini njia aliyoionyesha haikufa. Kutoka kwake nikajifunza kwamba swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nikiuliza ni kamera gani itaangaza giza, na kumbe ilinipasa kuuliza ni ipi itakayoridhika na moto wa shangazi kama ulivyo.

Nikarudi kuwa mwanafunzi. Mjukuu wangu alinisomea maelezo, nami nikayaandika katika daftari kama maandalio ya somo. Naomba, ndugu msomaji, unistahimilie kidogo, maana mambo haya ni hesabu ya darasa la saba tu.

Ndani ya kamera ya dijitali, mahali pa mkanda wa filamu, ipo sensa, yaani kibamba kinachopokea mwanga. Mwanga hafifu ni kama mvua ya rasharasha: ukitega kikombe utapata matone, ukitega karai utapata maji ya kunawa. Sensa ya ile kamera yangu ya kwanza ilikuwa na upana wa milimita 6 na kimo kisichofika milimita 5. Kikombe hicho! Tena kilikuwa kimegawanywa katika mamilioni ya vijikombe, hizo megapikseli nilizosifiwa, kila kimoja kikipata tone lisilotosha. Ndiyo maana picha nilizojaribu bila ya flashi zilijaa chembechembe kama uji uliopikwa kwa haraka. Zipo kamera nyingine, pia za kuingia mfukoni, ambazo sensa yake huitwa ya inchi moja. Jina hilo ni la mazoea tu, kwani kipimo chake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Hata hivyo eneo lake ni mara nne ya ile ya kwanza. Na zipo chache, kama Ricoh GR, zenye sensa kubwa zaidi, eneo lake likizidi hiyo ya inchi moja mara tatu.

Jambo la pili ni tundu la lenzi. Hapa namba huwachanganya wengi, maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara mbili na nusu ya lenzi ya f/2.8. Nikaweka hesabu. Ricoh GR ina sensa kubwa lakini tundu lake ni f/2.8. Kamera za inchi moja kama Sony RX100 ya mwaka 2012 na Canon PowerShot G7 X ya mwaka 2014 zina sensa ndogo lakini tundu lake ni f/1.8. Ukizidisha na kugawanya, ile ya kwanza inazishinda hizi kwa theluthi moja hivi tu. Alichonyimwa mdogo kwa umbo amelipwa kwa mdomo mpana.

Jambo la tatu ni wepesi wa sensa kuuhisi mwanga, ule tuliokuwa tukiuita ASA wakati wa filamu na ambao sasa huitwa ISO. Filamu ya kawaida iliyopatikana madukani kwetu ilikuwa ya 100. Kamera hizi zinapiga kwa 3200 na picha bado ikafaa kusafishwa na kutundikwa ukutani. Hiyo ni mara 32. Picha iliyohitaji sekunde nzima, ambayo hakuna mtoto wala mzee awezaye kutulia kiasi hicho, sasa yahitaji sehemu moja ya thelathini ya sekunde.

Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini nisitumie simu yake. Tulijaribu. Simu yake ina mtindo wa usiku, ambapo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Chungu na ukuta vilitoka vizuri mno. Lakini shangazi yangu huzungumza kwa mikono, na mikono ile ikatoka kama moshi. Tena simu ililiangaza giza hata usiku ukafanana na magharibi. Sikuilaumu, maana ilifanya ilichotengenezwa kufanya. Ila mimi nilitaka usiku ubaki usiku.

Mwaka 2021 niliuza ndama dume. Mke wangu alinitazama nikimfunga kamba akasema, "Unauza kitu kinachokua, ununue kitu kinachozeeka." Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Nikapanda basi kwenda Mwanza, nikavuka daraja la Kirumi na kupita Bunda na Lamadi, daftari langu likiwa kwapani. Dukani kijana aliniamkia vizuri akaniuliza kama nataka kamera ya kupigia harusi. Nikamwambia nataka ya kupigia hadithi. Akacheka, akanionyesha zilizotumika, maana mpya zilinishinda bei. Zote zilipiga vizuri pale mbele, kwa sababu duka lilikuwa na taa nyeupe nane. Nikamwomba anipeleke stoo. Alishangaa, lakini heshima kwa mvi bado ipo katika nchi hii. Stoo nikatoa mshumaa na kiberiti, nikauwasha, nikamwomba aukalie karibu na kunisimulia habari za kwao huku mimi nikipiga. Ndugu msomaji, kamera ya kutumia gizani ijaribiwe gizani. Mtu hanunui jembe kwa kulitazama likiwa limetundikwa.

Nilichagua G7 X kuukuu, iliyochubuka kidogo pembeni. Sensa yake ni ya inchi moja. Tundu lake ni f/1.8, na hata ukivuta vya mbali hadi mwisho hupungua kufikia f/2.8, wakati ile RX100 ya mwanzo hushuka hadi f/4.9. Ricoh niliipenda, lakini haivuti kabisa. Ingenilazimu kujongea katikati ya watoto, nami mahali pangu palikuwa mlangoni. Kilichonimaliza kabisa kilikuwa kioo chake cha nyuma, kwa kuwa kinainuka. Niliweza kukaa kwenye kigoda, nikaiweka kamera gotini na kuitazama kwa chini, kama mtu anayechambua mchele. Mikono yangu hutetemeka siku hizi, lakini goti halitetemeki. Na asiyeinua kamera usoni hamtishi mtu.

Sikuanza kupiga mara moja. Kwanza nilikwenda kwa shangazi mchana, nikamwamkia, nikaiweka kamera mkononi mwake, nikamweleza kwamba hii haitazima moto. Akaipapasa. Akasema, "Tutaona." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, nami niliikubali kama ilivyokuwa.

Usiku wa kwanza nilikosea tena. Flashi nilikuwa nimeizima, lakini kumbe kamera hizi zina kitaa kingine kidogo kinachowaka ili kuisaidia lenzi kupata fokasi. Kikammulika kifuani. Akanyamaza, nami nikatoka nje kwa aibu nikakitafuta katika menyu mpaka nikakizima. Nikazima na mlio, nikapunguza mwanga wa kioo hadi mwisho. Polepole nikajua mengine. Kamera huhesabu kwamba dunia nzima ni ya kijivu, na ikiona chumba cheusi hukiangaza kupita kiasi hata mwali wa moto ukawa karatasi nyeupe. Dawa yake ni kuishusha kidogo, nafasi moja, na kuiacha ngozi yetu iwe nyeusi yenye kung'aa kama ilivyo. Tena ikiachiwa ichague rangi yenyewe hujaribu kuufuta wekundu wa moto, kana kwamba ni uchafu. Nikaizuia. Na chuoni tulifundishwa kutosimama kati ya dirisha na ubao. Basi nikahama kigoda hadi mahali ambapo moto ulikuwa ukimtazama yeye, nami nikautazama uso wake.

Baada ya usiku wa nne au wa tano watoto walinisahau. Huo ndio ukawa mwanzo wa picha. Nilipata moja ambayo siwezi kuieleza vizuri. Shangazi ameinama kidogo, mwanga umempanda kuanzia kidevuni, jicho moja linameta, na mikono yake imeinuka kufanya umbo la kitu kikubwa kinachotoka majini au kinachoingia. Vidole vimetoka na ukungu kwa sababu havikutulia. Nyuma yake nyuso sita za watoto, midomo wazi. Picha ina chembechembe, na mtaalamu angeona kasoro tano ndani yake. Niliisafisha mjini Tarime, nikampelekea. Macho yake hayakuweza tena kuona karatasi ndogo, kwa hiyo kitukuu wake, msichana wa miaka minane, akamsimulia picha. Shangazi aliuliza jambo moja tu. "Na moto, unaonekana?" Mtoto akamwambia unaonekana.

Shangazi alifariki mwaka 2023. Picha ile tuliiweka mezani wakati wa matanga, na kila aliyepita alisimama. Watu walinisifu, nami nilipokea sifa zile kwa siku mbili. Siku ya tatu kijana mmoja wa ukoo aliyekuja kutoka mbali aliniuliza, "Mwalimu, hapa alikuwa akihadithia nini?"

Nikafungua mdomo, sikuwa na la kusema. Nilikumbuka kwamba usiku ule nilipiga kwa ISO 3200. Nilikumbuka tundu, nilikumbuka sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Hadithi sikuikumbuka. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwa mwanamke yule, nikamsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, masikio yangu yote yakiwa machoni. Kamera ile huweza kunasa sauti na picha zinazotembea pia. Nilijua. Nilisema nitafanya hivyo safari ijayo, nikishakamilisha picha. Mimi niliyewafokea wanafunzi kwa miaka mingi kwa kunakili ubao bila ya kusikiliza somo!

Siwaambii watu wasinunue kamera. Anayetaka kuhifadhi usiku wa wazee wake na achague kama nilivyochagua: sensa pana kadiri mfuko unavyoruhusu, tundu kubwa, na ukimya. Lakini akishapata picha tatu nzuri, na aiweke chini. Akae. Au angalau abonyeze kitufe cha kunasa sauti, kisha asahau kwamba amekibonyeza.

Siku chache baada ya matanga nilimwita yule kitukuu. Alikuja na kufuma kwake, akakaa kwenye kigoda changu. Nikamwonyesha picha na kumwuliza kama anaijua hadithi ya usiku ule. Akaitazama kidogo tu. "Naijua yote," akasema, "mpaka mwisho." Nikamwomba anisimulie. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali liko uani. Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeomba jambo lisiloombwa na mtu mwenye umri wangu, maana sote katika nyumba ile tulikatazwa kuhadithia mchana.

"Subiri usiku, babu," akaniambia.

Nikasubiri. Jua lilipozama nikakusanya kuni mwenyewe, na kamera nikaiacha chumbani, juu ya sanduku la bati.